Furu wa Mwanza hawakuhitaji mlima

Wengi hudhani spishi mpya haitokei mpaka mlima au bahari iwatenganishe wanyama. Si lazima. Tazama furu, samaki wadogo wa miambani, Ghuba ya Mwanza, Ziwa Viktoria. Dume wa spishi moja ni wa buluu, hukaa karibu na uso wa maji. Mwenzake mwekundu, wa spishi ya Pundamilia nyererei (naam, jina la Mwalimu), hukaa chini zaidi, ambako mwanga unaopenya una wekundu. Jike huchagua mume kwa rangi, basi spishi hizo mbili hazichanganyiki. Lakini ukiwaweka kwenye tangi lenye mwanga wa rangi ya chungwa tupu, ambamo buluu na nyekundu hazitofautishiki, jike hupandana na yeyote, na watoto huzaa vizuri tu! Ziwani nako, penye maji yaliyotibuka sana hata rangi hazionekani vizuri, spishi hizo mbili huchanganyika.