Matokeo ya kokasi: kabla hujasema nani kashinda, uliza wamehesabu nini

Kila msimu wa mchujo wa Marekani ukifika, yaani vyama vinapochagua wagombea wao wa urais, kitengo chetu cha elimu ya mpiga kura kinaulizwa swali lile lile, mbona huku wanasema fulani kashinda na kule wanamtaja mwingine, halafu watu wanakimbilia kusema kura zimeibiwa. Mara nyingi hakuna aliyeiba kitu, ni vile tu kila mmoja anahesabu kitu chake.

Chukua kokasi, yaani mkutano wa watu wa chama wa kuchagua mgombea, ya jimbo la Iowa ya chama cha Democratic, tarehe 3 Februari 2020. Ukihesabu vichwa vya watu Bernie Sanders ndo aliongoza, raundi ya kwanza alipata 43,581 na Pete Buttigieg 37,572, na raundi ya mwisho bado Sanders alikuwa mbele kwa zaidi ya kura 2,000. Lakini ukija kwenye wajumbe wa mkutano mkuu wa taifa, wale wanaomteua rasmi mgombea wa chama, Buttigieg 14, Sanders 12. Wote wawili walijitangaza washindi na kila mmoja alikuwa na namba yake ya kuonyesha.

Inakuwaje? Kokasi siyo mambo ya kutumbukiza karatasi ukaondoka. Watu wa eneo moja wanakutana jioni, shuleni au kanisani au ukumbi wowote, na kwa utaratibu wa Democratic wa wakati ule wanajigawa makundi, kila kundi upande wa mgombea wake, na kwenye vituo vingi kundi lisilofikisha asilimia 15 ya waliokuja linahesabiwa halijatosha, kwa hiyo watu wake wanahamia kwingine au wanaungana na wenzao mpaka watoshe. Ndo maana zikawepo kura za raundi ya kwanza na za raundi ya mwisho, na hizo tu tayari ni hesabu mbili.

Sasa hapa ndo penyewe, naomba usipite haraka. Kila kituo kinachagua wajumbe wa kwenda mkutano wa kaunti, na kutokana na hao ndo wanakadiriwa wajumbe wa jimbo na wa taifa. Idadi ya wajumbe wa kila kituo ilikuwa inapangwa kabla ya siku ya kokasi, kwa kuangalia chama kilipata kura ngapi pale kwenye chaguzi kuu zilizopita, siyo kwa kuangalia wamekuja wangapi usiku ule. Tuseme kituo cha karibu na chuo kikuu kina wajumbe 6 na wamejaa watu 300, mjumbe mmoja hapo kabeba watu 50. Kituo cha kijijini nacho kina wajumbe 6 ila wamekuja watu 60, mjumbe mmoja kabeba watu 10 tu. Sanders alijaza kumbi za miji ya vyuo, Buttigieg alisambaa vizuri vijijini, na kura za ziada pale chuoni hazikuongeza mjumbe hata mmoja. Halafu kuna kukadiria desimali, mtu hawezi kuwa mjumbe nusu, na kundi dogo linaweza kupandishwa hadi mjumbe mzima wakati kubwa linakatwa.

Na siyo Iowa peke yake, Nevada mwaka 2008 Hillary Clinton alipata kama asilimia 51 na Barack Obama asilimia 45, lakini hesabu ya wajumbe wa taifa ikatoka Obama 13, Clinton 12, kwa sababu wajumbe waligawanywa kimaeneo na Obama alifanya vizuri nje ya Las Vegas.

Kwa Republican habari ilikuwa nzito zaidi. Iowa 2012, usiku wa matokeo Mitt Romney alitangazwa kaongoza kwa kura 8, baadaye hesabu rasmi ikaonyesha Rick Santorum yuko mbele kwa kura 34, na ilipofika mkutano mkuu wa taifa wa chama, mjini Tampa, wajumbe 22 kati ya 28 wa Iowa walikuwa upande wa Ron Paul, aliyeshika nafasi ya tatu! Zile kura za usiku hazikuwafunga wajumbe, na watu wa Paul walibaki ukumbini wenzao wakishaondoka, wakachaguliwa wao kwenda mikutano ya kaunti, wakapanda hivyo hivyo hadi juu. Baada ya hapo chama kikabadili kanuni ili wajumbe wafungwe na kura, na mwaka 2024 Trump alipata asilimia 51 Iowa akapewa wajumbe 20 kati ya 40.

Kwa hiyo ukiona jedwali la matokeo soma kwanza kichwa chake, ni watu, ni wajumbe wa jimbo wanaokadiriwa, au ni wajumbe wa taifa. Angalia na vituo vingapi vimeripoti, maana Iowa 2020 programu ya simu ya kutuma matokeo ilifeli, namba zikachelewa siku kadhaa, na shirika la habari la AP likakataa kabisa kumtaja mshindi.

Na kwa ndugu zetu mlioko Minnesota na mmeshapata uraia, mchujo wa urais pale siku hizi ni wa karatasi lakini kokasi bado zipo, ndo zinaanzisha safari ya kuchagua wajumbe wa chama na kupeleka maazimio, kwa hiyo ukienda usiondoke mapema, kaa mpaka wafike kwenye kipengele cha wajumbe na kama unataka kuwa mmoja wao, jitaje.