Kupima kuaminiana kwa majirani, mtaa kwa mtaa, jijini Tanga

Swali lililozoeleka katika tafiti nyingi ni hili: je, watu wengi wanaaminika, au huna budi kujihadhari nao? Kwa kulinganisha Makorora na Chumbageni, silitegemei. Halisemi "watu" ni akina nani. Anayejibu huenda anawawaza wa stendi. Mimi hutaja majirani wa mtaa, kisha tendo.

Matendo yawe yenye gharama. Msiba hautofautishi mitaa, kwa kuwa karibu kila mtu atasema anahudhuria. Uliza: ukisafiri, ufunguo unamwachia nani asiye ndugu yako? Ukipungukiwa shilingi 10,000 leo, utabisha hodi kwa nani?

Kwa kauli za jumla, msingi mzuri ni utafiti wa Chicago wa Sampson, Raudenbush na Earls, uliochapishwa mwaka 1997: wakazi 8,782, maeneo 343. Mshikamano na kuaminiana kwa majirani vilipimwa kwa kauli tano, kila moja ikijibiwa kwa alama 1 hadi 5, mbili zikiwa za kinyume, yaani anayezikubali anasema mshikamano haupo. Hizo mbili ndizo zinazoharibika zikitafsiriwa. Msomee mtu "majirani wa hapa hawaelewani". Akijibu "hapana", hujui kama anakataa au anaunga mkono. Andika "majirani wa hapa hugombana mara kwa mara", kisha wakati wa kuchambua geuza alama: 5 iwe 1, 4 iwe 2.

Kosa kubwa zaidi hutokea mlangoni. Nyumba moja ya Ngamiani huweza kuwa na wapangaji kila chumba. Ukimhoji mwenye nyumba tu, umepima kuaminiana kwa wenye nyumba. Orodhesha kwanza kaya, yaani wanaokula chungu kimoja, uchague kaya kwa bahati nasibu, kisha mtu mzima mmoja ndani yake kwa bahati nasibu vilevile. Asipokuwepo, rudi jioni. Usimchukue aliye karibu. Mwenyekiti wa mtaa akishakutambulisha, mwombe aondoke. Akibaki barazani, kila jirani atakuwa mwema.

Majirani hujibu kwa kufanana, hivyo watu 400 si 400. Ukihoji 20 katika kila mtaa kwa mitaa 20, na uwiano wa majibu ndani ya mtaa (kipimo cha jinsi majirani wanavyofanana, 0 ikiwa hawafanani kabisa, 1 ikiwa wote hujibu sawa) ukiwa 0.1, hesabu ni 1 + (19 × 0.1) = 2.9. Gawanya 400 kwa 2.9, unabaki na uzito wa watu 138 hivi. Ukihoji 10 katika kila mtaa kwa mitaa 40, kigawanyo ni 1.9, unapata 210. Mitaa mingi yenye watu wachache inafaa kwa wastani wa jiji zima. Ukitaka kusema Duga wanaaminiana kuliko Mabawa, watu 10 hawatoshi kabisa: punguza mitaa, ongeza watu katika kila mmoja.