Utando mweupe kwenye mrija wa hewa ukaa: ni nini, na unaishi kwa kula nini

Ukifuga samaki pamoja na mimea ya majini, na ukaamua kuitengenezea mimea hiyo hewa ukaa kwa chupa, sukari na hamira, siku moja utakuta kitu cheupe kimening'inia kwenye mdomo wa mrija ndani ya tangi. Kinafanana na pamba iliyolowa. Ukikigusa kinateleza vidoleni. Ukikivuta kinakatika na vipande vyake vinaelea. Wengi hudhani hamira imevuja, wakabadilisha chupa nzima. Mara nyingi hamira haihusiki. Hao ni bakteria, na makazi yao ndiyo yanayoitwa utando.

Utando ni kundi la bakteria walioshika juu ya kitu kilichomo majini, wakajifunika kwa ute wanaoutoa wenyewe. Ute huo huwafanya wasisombwe na maji. Utelezi wa mawe ya mtoni una bakteria wa namna hiyo, na hata ule unaousikia kwa ulimi kwenye meno asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Bakteria hawa wamo katika kila tangi. Wanapojaa mahali pamoja ghafla, ujue pana chakula.

Chakula chenyewe hutoka chupani. Hamira inapokula sukari hutoa hewa ukaa na pombe, na kwa kila molekuli 1 ya glukosi hupatikana molekuli 2 za kila kimoja. Pombe nyingi hubaki chupani, lakini ni kitu chepesi kugeuka mvuke, basi hewa inapopita mrijani hubeba mvuke huo pamoja na vitone vya povu lenye sukari. Vyote hufikia mahali pamoja: pale viputo vinapotokea majini. Ndiyo maana utando hung'ang'ania mdomo wa mrija na kisambaza viputo (kifaa cha mwishoni mwa mrija kinachoigawa hewa kuwa viputo vidogo), huku kioo cha upande wa pili kikibaki safi.

Kwa hiyo kusugua mrija kila siku naona ni kazi ya bure. Chakula kikiendelea kuja, utando utarudi. Cha kufanya ni kuosha hewa kabla haijafika kwenye tangi.

Chukua chupa ya pili, ndogo, uijaze maji hadi nusu. Mrija unaotoka kwenye chupa ya hamira uingie hadi chini ya maji. Mrija unaokwenda kwenye tangi uanzie juu, karibu na kifuniko, usiguse maji. Ukiikosea nafasi hiyo mirija, huu ukauweka pa ule, hewa itayasukuma maji ya chupa hadi kwenye tangi, kwa hiyo ikague mara mbili kabla ya kufunga. Hewa ikipita kwa viputo, maji hunasa vitone vya povu na sehemu kubwa ya pombe. Baada ya wiki mbili fungua kifuniko unuse: utasikia harufu ya pombe, na huenda maji yamekuwa meupe kidogo. Yamwage. Maji yaliyokwisha kushiba pombe hayaoshi tena, kwa hiyo yabadilishe kila unapoweka mchanganyiko mpya wa hamira.

Povu nalo lipunguzwe kwenye chanzo. Usijaze chupa ya hamira hadi shingoni. Acha robo yake iwe tupu. Kwa chupa ya lita 2, robo kijiko cha chai cha hamira kinatosha.

Utando wenyewe kwa kawaida haudhuru samaki. Konokono na uduvi huula kwa bidii, na baada ya wiki chache mara nyingi hupungua wenyewe. Ila utando ukiziba kisambaza viputo, hapo usisubiri: hewa isipopata njia, shinikizo hupanda na chupa inaweza kupasuka. Kitoe, ukiloweke kwenye maji yenye dawa kidogo ya klorini, ukisuuze sana, kisha ukiloweke tena kwenye maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini kabla ya kukirudisha.

Hatari kubwa ni mchanganyiko wa chupani kumwagika kwenye tangi. Bakteria huzaliana kwa wingi, maji huwa kama yametiwa maziwa, na oksijeni huisha. Ukiona samaki wanahemea juu ya maji, badilisha sehemu kubwa ya maji na uwashe pampu ya hewa papo hapo.

Anayetengeneza hewa ukaa kwa asidi ya sitriki na soda ya kuokea hana pombe kwenye chupa, kwa hiyo utando wa aina hii humpitia mbali. Akiona weupe kama huo, atazame magogo aliyoyaweka karibuni: mti mpya majini hutoa sukari zake, na bakteria huufunika vivyo hivyo kwa majuma ya mwanzo.