Tatizo sio ukubwa wa pampu, tatizo ni waya uliouweka

Jamani naomba hili tulimalize. Kila anayejitengenezea pampu ya kubeba ya kutoa uchafu kwenye tangi la karavani (ile nyumba inayovutwa na gari), ikianza kumgomea tu, jibu analo tayari: pampu ndogo, ngoja ninunue kubwa. Juzi nimetumiwa tena ujumbe wa hivyohivyo, na picha juu. Pampu ya kusaga mpya (inayokatakata uchafu kabla ya kuusukuma), imefungwa vizuri kwenye boksi la plastiki lenye mshikio, elbo ya plastiki inayoonyesha ndani, kazi safi kabisa. Alafu nyuma ya boksi zinatoka nyaya mbili za spika zinakwenda mpaka kwenye betri iliyo upande wa pili wa gari. Maelezo wala sikuyamaliza kuyasoma.

Pampu ya kusaga ya volti 12, hizi za kawaida zenye kisu mbele na impela ya mpira nyuma yake, yaani kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma uchafu, inatoa lita 40 na kitu kwa dakika ikiwa na afya, na inakula kama ampea 15 hivi, mzigo ukiwa mzito inapanda. Tangi la lita 150 linatakiwa liishe ndani ya dakika nne. Hiyo pampu ni kubwa ya kutosha kwa karavani yoyote ya kawaida. Kama yako inachukua robo saa huku inanguruma kwa shida, ujue umeme haujafika wote.

Sa tupige hesabu maana watu hawataki kupiga hesabu. Betri iko mita 6 kutoka kwenye pampu. Umeme unaenda na unarudi, kwa hiyo waya wako ni mita 12, sio 6, na hapa ndo watu wengi wanapoteleza. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule ambao watu wanauita mnene kwa sababu unawasha taa za nyumba bila shida, kwa urefu huo una ukinzani wa kama omu 0.14. Pitisha ampea 16, umepoteza volti 2.2 njiani. Betri yenyewe ikibebeshwa mzigo inashuka kidogo, tuseme imebaki 12.2, pampu inapata volti 10. Ukiweka waya wa 2.5 unapoteza 1.3. Ukiweka wa 6 unapoteza nusu volti na kidogo, na hapo ndo pampu inaanza kuwa ile uliyoinunua.

Haya, sa nunua pampu kubwa kama unavyotaka. Inakula ampea 25. Kwenye waya uleule wa 1.5 unapoteza volti 3.5. Umetoa hela zaidi, umepata pampu inayofanya kazi kwa volti 8 na kitu, waya unapata moto, na bado utaniandikia kwamba hii nayo ni ndogo. Kwenye umeme wa nyumbani ukipoteza volti 2 hata hujui. Kwenye volti 12 hizo ni moja ya sita ya kila kitu ulichonacho.

Na sio kwamba inazunguka taratibu tu basi. Mota ya hivi volti zikishuka mzunguko unashuka nazo, kisu kikizunguka taratibu hakikati tena karatasi ya choo, kinaivuta na kuizungusha kwenye shafti, mzigo unaongezeka, mota inadai ampea zaidi, ampea zikiongezeka waya unakula volti zaidi, mzunguko unashuka tena. Ni duara, na mwisho wake ni mota iliyosimama huku umeme unapita, hapo kinachozuia ampea ni ukinzani wa nyaya tu, za nje na za ndani ya mota, na joto lake ndilo linaloichoma. Alafu mtu anaifungua, anaona imeungua, anasema si unaona, ilikuwa ndogo. Hapana. Ilikufa kwa njaa ya volti.

Kwa hiyo chukua mita ya kupimia umeme na upime, lakini upime mahali panapotakiwa. Kupima betri gari likiwa limetulia ukaona 12.6 ukafurahi hakukuambii chochote. Pima kwenye terminali za pampu yenyewe, ikiwa inafanya kazi na uchafu unapita. Ukikuta chini ya 11.5, anza kutafuta. Namna ya kutafuta ni kuweka ncha moja ya mita mwanzo wa waya wa chanya na nyingine mwisho wa waya huohuo, pampu ikiwa imewaka, unachokisoma ndicho waya huo unachokula. Rudia upande wa hasi. Upande wa hasi ndo unadharauliwa sana, watu wanaufunga kwenye bodi ya gari juu ya rangi na kutu wakidhani chuma ni chuma. Klipu za betri za kubana nazo usiziamini, meno yanashika nukta mbili tatu tu, zikipata ile kutu ya kijani unapoteza nusu volti hapohapo bila hata kufika kwenye waya. Lagi, kile kichwa cha chuma chenye tundu mwisho wa waya, iliyobanwa vizuri kwa koleo lake, boliti, basi.

Sisemi kila mtu aende kununua waya wa milimita mraba 10, ni mzito, haukunjiki kirahisi na hela yake inauma. Kuna njia nyingine naipenda zaidi: weka betri ndani ya boksi la pampu. Angalia hesabu, ampea 16 kwa dakika nne ni kama ampea-saa moja tu. Moja! Betri ndogo ya lithiamu ya ampea-saa 20 inamwaga tangi mara nyingi kabla hujaichaji, na waya wako unakuwa wa sentimita 50. Wasiwasi wangu uko kwenye ile bodi ya ulinzi ndani ya betri, inayoizima ampea zikizidi. Mota inapoanza inavuta ampea mara kadhaa ya zile za kawaida kwa kitambo kidogo, na betri nyingine zinajizima hapohapo. Kwa hiyo soma kiwango chake cha ampea za kuanzia, usisome cha kawaida peke yake, na hata ukisoma bado jaribu kwa maji safi kwanza kwa sababu namba za kwenye lebo na tabia ya betri havielewani siku zote.

Fyuzi inakaa karibu na betri, sio karibu na pampu, maana inalinda waya. Swichi iwe ya kubonyeza na kushikilia, ukiachia inazima. Kuna watu wanaweka ya kuwasha na kuacha, wanakwenda kupiga stori, tangi linaisha, impela inazunguka kavu. Impela ya mpira inapoozwa na kulainishwa na yale maji yanayopita, yakikosekana inaungua haraka sana, na hapo hakuna waya wa kuokoa.

Mpira wa kutolea uchafu nje nao ni uleule ugonjwa wa waya kwa sura nyingine. Mita 20 za mpira wa milimita 25 kwa lita 45 kwa dakika zinakula nguvu sawa na kupandisha maji mita 2 hivi. Mpira wa milimita 19 kwa lita hizohizo unadai kama mita 8. Hizo ni hesabu za maji safi, na kinachopita humo sio maji safi, kwa hiyo mimi naongeza akiba na sidai kwamba akiba yangu ni sayansi. Usipunguze kipenyo ili tu utumie mpira wa bustani ulionao.

Kuhusu pampu ya diaframu, ile inayosukuma kwa utando wa mpira unaopanda na kushuka, badala ya ya kusaga, hapa kusema kweli nasitasita. Diaframu inavumilia kukauka, inavuta yenyewe vizuri, inakula umeme kidogo. Ila ni ya taratibu na karatasi ikinasa kwenye valvu zake itabidi uifungue kwa mikono yako. Kwa tangi la sinki na bafu naichagua bila kufikiri. Kwa tangi la choo naegemea ya kusaga, lakini sitabishana na anayeona vingine.

Kingine haraka haraka. Vitambaa vya kufutia, hata kama pakiti inasema vinayeyuka, havisagiki, vinakuwa kamba. Valvu ya tangi la choo usiiache wazi siku zote, maji yanatoka na mzigo mgumu unabaki chini, alafu pampu inalaumiwa. Subiri tangi lijae angalau theluthi mbili ndo umwage. Fanya kazi hii nje kwenye hewa, mota ya brashi inatoa cheche na gesi ya tangi inashika moto, na ile yenye harufu ya yai bovu ni sumu. Na umwage panaporuhusiwa tu, kuwa na mpira mrefu sio kibali.

Anza na tangi la choo, malizia na la sinki ili lisafishe pampu na mpira, alafu ndoo moja ya maji safi. Kabla ya kuhifadhi, matone machache ya silikoni kwenye impela, sio grisi ya petroli. Ikikaa miezi mpira wa impela unagandia kwenye ukuta wa pampu, na pampu nyingi zina mkato nyuma ya shafti wa kuingiza bisibisi. Izungushe kwa mkono kwanza, ikishaachia ndo ubonyeze swichi.