Kabla ya Mkutano wa Kwanza, Piga Simu

Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa watu wanaopambana na pombe, na kwa miaka mingi nilifanya kosa lilelile. Mtu akiniambia yuko tayari kujiunga na kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, nilimwandikia mahali na saa kwenye karatasi, nikamtakia heri. Wiki iliyofuata alirudi na karatasi ile mfukoni, imekunjwa mara nne. Alifika mpaka mlangoni, akasikia watu wanacheka ndani, akageuza.

Siku hizi simu tunapiga tukiwa wawili, hapohapo tulipokaa. Namtafuta mwanachama aliyekubali kupokea simu za namna hiyo, namkabidhi mteja wangu, wanazungumza dakika tano. Mara nyingi yule wa upande wa pili humaliza hivi: "Nitakusubiri nje, nitakuwa nimevaa shati la bluu." Shati hilo hufanya kazi ambayo maneno yangu ya saa nzima hayaiwezi. Mwaka 1981 watafiti Sisson na Mallams walilipima jambo hili kwa watu 20. Kumi walipewa maelezo ya mikutano na kuhimizwa waende. Kumi wengine waliunganishwa kwa simu na mwanachama ambaye aliahidi kwenda nao. Katika kundi la kwanza hakwenda hata mmoja. La pili walikwenda wote. Jaribio lilikuwa dogo, lakini linafanana kabisa na ninayoyaona mezani kwangu.

Kwa hiyo ukitafuta kikundi, usitafute ukumbi tu, tafuta na mtu. Alcoholics Anonymous, AA kwa kifupi, ina namba za simu na ratiba kwenye tovuti zake, na mikutano mingine hufanyika mtandaoni. Sharti la uanachama ni moja: nia ya kuacha kunywa. Ada hakuna, kikapu hupitishwa, mwenye chochote hutia, asiye nacho hukipitisha kwa jirani yake. Mara ya kwanza uliza kama mkutano ni wa wazi, ambao hata ndugu au rafiki anaweza kukusindikiza, au ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Mazungumzo ya AA kuhusu Mungu, au nguvu iliyo kuu kuliko wewe, yakikuwia mazito, ipo SMART Recovery, iliyoanza 1994 na kujikita katika mbinu za kubadili fikra na tabia. Mke, mume au mzazi wa mnywaji ana kikundi chake, Al-Anon, tangu 1951.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usikate pombe ghafla kwa sababu tu umepata kikundi. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa kwa mkupuo unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadaye kuchanganyikiwa kwa namna inayoweza kuua. Anza kwa daktari. Kikundi kitakungoja.

Ukiingia, kaa popote. Watu hujitaja kwa jina la kwanza, na zamu ikikufikia unaweza kusema, "Leo nasikiliza tu," wakaendelea. Wale waliokuwa wakicheka hawamcheki mtu; wanacheka kwa sababu mmoja amesimulia jinsi alivyoficha chupa kwenye ndoo ya nguo chafu, na nusu ya waliomo waliwahi kuficha palepale. Ukiona kikundi hakikukai, jaribu cha pili na cha tatu, maana kila kimoja kina tabia yake. Ila akitokea mtu wa kukuambia utupe dawa ulizoandikiwa hospitali, usimfuate. AA yenyewe inasisitiza kwamba mwanachama asijifanye daktari.

Watu huniuliza kama kuna ushahidi kwamba mikutano hii inasaidia. Upo. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, na walioingizwa AA kwa mpango maalumu wa matibabu walifanikiwa kukaa bila pombe kabisa kuliko waliopewa tiba nyingine zinazotambulika. Mimi naamini sehemu kubwa ya msaada huo hutokea mkutano ukishakwisha, watu wanapokunja viti na kuandikiana namba. AA yenyewe ilianza na simu. Mwaka 1935 huko Akron, Marekani, Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha pombe, alikuwa hotelini, biashara imemharibikia, baa iko karibu. Akaenda kwenye simu kutafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Simu hizo zilimfikisha kwa daktari mpasuaji, Bob Smith, na siku Smith aliyokunywa mara ya mwisho, Juni 10, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa AA.

Ndiyo maana humwambia mteja asiondoke bila namba tatu, na ampigie mmoja wao kesho yake hata kama hana shida, amjulie hali tu. Mkono ukishazoea kupiga siku njema, siku mbaya hausiti. Mmoja wa wateja wangu alipiga saa nane usiku, chupa iko mezani haijafunguliwa. Aliyepokea hakumuuliza kulikoni. Alisema, "Ngoja nikae vizuri," na mteja wangu akasikia kitanda kinalia.