Mpango umeidhinishwa, wananchi wameishia wapi?

Nchini Marekani, kaunti au mji hauwezi kupata sehemu kubwa ya fedha za FEMA (shirika la serikali kuu linaloshughulikia majanga) za miradi ya kupunguza athari za majanga bila mpango wa kupunguza athari hizo ulioidhinishwa, unaohuishwa kila baada ya miaka 5. Kanuni inataka wananchi watoe maoni rasimu inapoandikwa na kabla ya kuidhinishwa, kisha mpango wenyewe ueleze watashirikishwaje baadaye. Kipengele hicho cha mwisho wengi hukijaza kwa sentensi moja, "maoni yatapokelewa", na miaka minne hupita kimya.

Nionavyo, kinachowachosha watu si mikutano, ni kusema wasijibiwe. Ndiyo maana kabla ya tovuti na mabango naanza na daftari la maoni, lenye safu sita: tarehe, hoja, mahali inapohusu, nani ataijibu, uamuzi na sababu yake, na ukurasa wa mpango ilikoingia. Majina na simu vibaki kwenye nakala ya ofisini tu. Kila hoja ipate jibu ndani ya siku 30, hata kama jibu ni kwamba kalvati ile ni mali ya jimbo na si ya mji. Mtu aliyekataliwa kwa sababu inayoeleweka hurudi. Ambaye hoja yake imepotea harudi.

Mkutanoni, kosa kubwa ni kutundika ramani ya kaunti nzima. Asiyeliona paa lake hana la kusema. Chapisha ramani ya mtaa kwa kipimo cha 1:2,000 kwenye karatasi yenye upana wa inchi 36, itandaze mezani, wakae watu 6 hadi 8. Wape vibandiko: bluu pale maji yalipofika, nyekundu pale njia inapofungika. Kando ya kila kibandiko waandike mwaka na kina: kifundoni, gotini, kiunoni. Hapo ndipo hujitokeza mitaro iliyoziba na maji ya mvua yanayotuama mbali na mto, mambo ambayo ramani za mafuriko za FEMA mara nyingi haziyaonyeshi.

Rasimu ya kurasa 300 haisomwi. Toa muhtasari wa kurasa 4 kwa kila mtaa, kwa lugha zinazozungumzwa hapo, na wiki 2 za kuusoma.

Kila mwaka, kabla ya msimu wa mafuriko au moto, onyesha jedwali la miradi: uliokamilika, unaoendelea, uliokwama na kwa nini. Iliyokwama usiifiche, watu wanaijua barabara yao.

Mafuriko yakitokea, waombe wakazi wapige picha za alama za maji ukutani, futi ya kupimia ikionekana kutoka ardhini, kabla kuta hazijaoshwa. Na uhuishaji unapoanza, miezi 18 hivi kabla ya mpango kuisha muda, wa kwanza kupigiwa simu ni waliomo daftarini, kuanzia wale ambao hoja zao zilikubaliwa na bado hazijatekelezwa.