Spamu kwa emaili, yaani zile hukuomba na za matapeli: mambo tunaambiana hapa Kondele, Kisumu, na ukweli wenyewe

"Nimeiprinti, ushahidi niko nao." Mwalimu mmoja wa Ahero aliingia kwa saiba yangu na karatasi imekunjwa mara nne, emaili ya "benki" ikimwambia athibitishe PIN. Na emaili yenyewe? Alishaifuta kwa hasira. Iliniuma, juu lile jina la mtumaji mtu yeyote anaweza kuliandika vile anataka, ni kama jina nyuma ya bahasha. Ushahidi uko kwa heda, ile mistari inaonyesha emaili imepitia seva gani (zile kompyuta za kupitisha emaili) na saa ngapi, na hata hapo chunga, mistari ya chini tapeli anaweza kuitunga, ya kuaminika ni ile imewekwa na seva ya emaili yako mwenyewe. Kwa Gmail tumia kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, fungua ujumbe asilia ("Show original"), udaunlodi faili. Hiyo faili ndio unaambatisha ukiripoti. Ukiforwadi tu hivi hivi, heda inapotea, na skrinshoti haina heda kabisa.

"Nikibonyeza ripoti spamu serikali imejua." Haijajua. Hiyo inaenda kwa kampuni ya emaili, inasaidia kuchuja. Bonyeza, lakini baada ya kuhifadhi faili.

"Kenya spamu haina sheria." Iko jamani! Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini yako kabla mtu atumie data yako kibiashara, na malalamiko kwa Kamishna wa Data unaweza kupeleka hata kwa mdomo, yanafaa kuchunguzwa ndani ya siku 90. Ya utapeli kama hii ya mwalimu iko chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018, faini hadi shilingi 300,000 ama jela hadi miaka 3, ama zote mbili. Hiyo ripoti kwa KE-CIRT, kile kitengo cha usalama wa mtandao cha Mamlaka ya Mawasiliano, na kama pesa imeshatoka pigia benki kwanza, saa hiyo hiyo, halafu polisi.

"Mjibu umwambie akome." Usijibu. Ukijibu amejua emaili yako iko hai. Kujiondoa kwa listi (ile "unsubscribe") ni kwa duka uliyoipea emaili mwenyewe, si kwa mtu humjui.

Mwalimu tulimfungulia pipa la takataka. Gmail huweka zilizofutwa siku 30, yake ilikuwa imekaa siku 26. Tukaipata.